Sura ya Tano: Kuandaa Mtelemko Kabla ya Kujenga Banda

Barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto imechongwa ubavuni mwa Milima ya Usambara. Abiria aliyekaa dirishani upande wa mlima huona udongo mwekundu uliokatwa wima ukimpita karibu na bega. Kiangazi kuta hizo husimama imara, mtu akadhani zitadumu daima. Masika ikikolea, vipande vyake huporomoka hadi njiani, na hakukosekani mahali pa kuzoa tope. Mkulima wa milimani anayeandaa kiwanja cha banda anafanya kazi ileile ya wale waliochonga barabara: anakata mlima apate mahali pa kusimama. Tofauti ni kwamba yeye hana tingatinga la kuja kuzoa, na chini ya ukuta wake wa udongo atalala ng'ombe wa maziwa ambaye pengine ndiye mali kubwa kuliko zote pale nyumbani.

Watu wa tambarare huuliza kwa nini mtu ajenge mtelemkoni wakati bondeni ardhi iko sawa. Aliyeishi Lushoto, Rombo au Mgeta hana haja ya kuuliza. Bondeni ndiko kwenye bustani zenye maji, na kabichi, karoti na viazi vya huko ndivyo vinavyolipa ada za watoto. Hakuna anayefukia ardhi hiyo kwa zege. Bondeni ndiko baridi hutuama usiku, na ndiko mto ulipo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, na katika mabonde yetu membamba mita 60 humaliza tambarare yote. Kwa hiyo banda hupanda mlimani, karibu na nyumba, mahali ambapo mama anayebeba mzigo wa majani alfajiri anaweza kufika bila kuvuka kijito.

Jambo moja linatawala kazi yote nitakayoeleza hapa. Mtelemkoni, kinachoangusha banda ni maji. Uzito wa kuta, bati na ng'ombe wanne ni mdogo mbele ya ardhi kavu. Ardhi hiyohiyo ikishiba maji hupoteza nguvu ya kujishika na kuanza kusogea. Basi kuandaa kiwanja ni kuyapangia maji njia kwanza, ndipo kuchimba kufuate. Nimeona viwanja vilivyokatwa kwa ustadi, mraba safi unaopendeza macho, vikaharibiwa na masika moja kwa sababu hakuna aliyejiuliza maji ya shamba la juu yataenda wapi.

Kuusoma mlima

Kabla ya kupima chochote, tembea. Tembea hasa juu ya mahali unapopataka, na ikiwezekana siku inayofuata mvua kubwa. Angalia miti. Mgrevilea au mkaratusi ulioinama kuelekea bondeni, kisha ukapinda shina kuitafuta mbingu, unasema kwamba udongo ulioshika mizizi yake umekuwa ukitambaa kwa miaka. Mti mmoja huenda ulisukumwa na upepo; kundi zima lililopinda upande mmoja mara nyingi halina maelezo mengine. Angalia nyufa zenye umbo la upinde katika nyasi. Angalia mahali palipobonyea juu na kuvimba chini, maana hapo ubavu uliwahi kushuka na unaweza kushuka tena. Matete yakiota katikati ya mtelemko ambao kwingine ni mkavu, chini yake kuna maji yasiyoonekana.

Kisha uliza waliozeekea hapo.

"Shikamoo, mzee. Hapa juu ya migomba pamewahi kuporomoka?"

"Marahaba, mwanangu. Hapo hapana. Lakini pale penye matete, mwaka wa El Nino, paliteremka na kahawa yote ya babu yako."

Maneno mawili ya namna hiyo yanaweza kuokoa msingi mzima.

Tarehe 1 Machi 2010, ubavu wa Mlima Elgon katika wilaya ya Bududa, Uganda, uliporomoka juu ya kijiji cha Nametsi baada ya mvua ya muda mrefu, ukafukia nyumba, kituo cha afya na watu wengi sana. Banda moja haliwezi kuleta wala kuzuia msiba wa ukubwa ule. Hata hivyo maporomoko madogo, yale yanayofukia zizi moja na kuvunja mguu wa ndama, yanafuata kanuni ileile: mtelemko mkali, udongo mzito wa mfinyanzi, maji yaliyozama kwa siku nyingi, na mguu wa mlima uliokatwa. Hayo matatu ya kwanza tumeyakuta. La nne tunalifanya wenyewe kwa sururu.

Ukishapata mahali panapoelekea kufaa, chimba shimo la majaribio lenye kina cha mita moja na nusu, pale hasa ambapo ukuta wa nyuma utasimama. Shimo hilo ni kazi ya asubuhi moja na linakuonyesha kila kitu: unene wa udongo mweusi wa juu, mahali udongo mwekundu unapoanza, kama kuna mwamba uliooza, na kama maji yanachuruzika pembeni. Liache wazi usiku mmoja. Likiwa na maji kesho yake bila mvua kunyesha, hamia kwingine. Vilevile banda likae chini ya chemchemi au kisima unachotegemea, umbali usiopungua mita 30, na lisiwe upande ambao upepo wa jioni unatoka kuelekea jikoni.

Mtelemko wenyewe hupimwa kwa kamba. Mtu mmoja anashika ncha ya kamba ya mita 5 chini kabisa ardhini, upande wa juu. Mwenzake anashuka nayo na kuinyoosha hadi pima maji ya kamba ionyeshe iko sawa. Kutoka kamba hadi ardhini upande wa chini pakiwa na mita 1, mtelemko ni asilimia 20. Katika mtelemko wa namna hiyo mkulima mwenye vibarua wawili anaweza kufanya kazi nzuri. Ukizidi asilimia 40, ushauri wangu ni kutokata kabisa, na njia ya kujenga bila kukata nitaieleza baadaye.

Maji kabla ya udongo

Chukua eneo la shamba lililo juu ya kiwanja chako, tuseme mita 30 kupanda na mita 10 kwa upana. Hizo ni mita za mraba 300. Mvua ya milimita 40, ambayo masika huweza kuimwaga mchana mmoja, huangusha hapo lita 12,000. Hata theluthi mbili zikizama, lita 4,000 zitashuka na kukusanyika nyuma ya banda. Zile zilizozama nazo hazijapotea; nyingine zitatokeza baadaye kwenye uso wa ukuta uliokatwa, kutoka ndani.

Kwa hiyo kazi ya kwanza kabisa ni mfereji wa kukinga maji, na uchimbwe wakati kiwanja bado ni nyasi tupu. Upite mita 2 hadi 3 juu ya mahali ambapo ukingo wa juu wa mkato utakuwa. Ukiusogeza karibu zaidi, maji yake yatazama na kuulainisha ukuta uleule unaotaka kuulinda. Kina cha sentimita 40 na upana wa nusu mita hutosha kwa banda la kawaida. Waliozoea fanya juu za Machakos wataona kwamba hapa tunafanya kinyume: udongo unatupwa upande wa chini, uwe tuta la kuongezea kimo ukingo wa mfereji.

Mfereji huu hautakiwi kulala sawa, na hautakiwi kukimbia. Ukilala, maji yatatuama na kuzama. Ukiwa mkali, yatachimba korongo. Mporomoko wa sentimita 1 kwa kila mita 1 unatosha, na jicho haliwezi kuuona. Hapo ndipo fremu A inapofaa kuliko chombo chochote cha bei. Miguu miwili ya miti, mwamba wa kuiunganisha, na kamba yenye jiwe ikining'inia kutoka kileleni. Miguu ikiachana mita 2, funga kipande cha mbao chenye unene wa sentimita 2 chini ya mguu mmoja, na utembee mguu huo ukitangulia kuelekea mahali maji yanapokwenda. Kila jiwe linapotulia kwenye alama ya katikati, piga kigingi. Lakini kabla ya kufunga hicho kibao, ihakiki fremu yenyewe: isimamishe, weka alama kamba inapogusa mwamba, igeuze miguu ibadilishane nafasi, weka alama ya pili, na katikati ya alama hizo ndipo palipo sawa. Vijana wengi huruka hatua hii, na mfereji wao wote hurithi kosa la fremu iliyopinda.

Kisha amua mwisho wa mfereji. Hapa majirani hugombana, na wana haki. Maji uliyoyakusanya kutoka upana wa mita 10 sasa yanatoka mahali pamoja, yakiwa na nguvu ambayo hayakuwa nayo yalipokuwa yametawanyika. Yapeleke kwenye njia ya nyasi nene, au kwenye mawe yaliyopangwa, au kwenye shamba lako la migomba lenye mashimo ya kuyapokea. Usiyaelekeze kwenye njia ya miguu, maana baada ya miaka michache njia hiyo itakuwa korongo. Kilimanjaro, mahali ambapo mifongo ya kumwagilia imepita kwa vizazi vingi, kuna jambo la ziada: ujue mfongo unapita wapi na ni wa nani kabla ya kuchimba juu au chini yake.

Urefu ulale kukata mtelemko

Banda la ng'ombe wachache likiwa na upana wa mita 4 na urefu wa mita 8, linaweza kulazwa kwa namna mbili. Ukilaza urefu wake kwenye kontua, yaani ukiukata mtelemko, na ukiacha mita 1 nyuma na mita 1 mbele, unahitaji kukata upana wa mita 6. Kwa mtelemko wa asilimia 20, ukuta wa nyuma utakuwa na kimo cha mita 1.2, na udongo wa kutoa utakuwa mita za ujazo 29 hivi. Ukiligeuza banda hilohilo liangalie bondeni kwa urefu wake, upana wa kukata unakuwa mita 10, ukuta unapanda hadi mita 2, na udongo unafika mita za ujazo 40. Ng'ombe ni walewale, bati ni lilelile.

Sababu yake ni rahisi. Upana unapoongezeka, kina kinaongezeka pamoja nao, kwa hiyo upana mara mbili ni udongo mara nne kwa kila mita ya urefu. Anayetaka banda kubwa mlimani alirefushe, asilipanue. Au akate ngazi mbili, ndama juu na ng'ombe wakubwa chini, kila moja na ukuta wake mfupi.

Ili namba hizo zisibaki karatasini: mita za ujazo 29 za udongo ulioshikamana zina uzito wa tani 50 hivi. Zikichimbwa huvimba kwa robo, kwa hiyo unasukuma karibu toroli 600. Mtu mwenye nguvu huchimba na kurusha mita za ujazo 2 hadi 3 kwa siku katika udongo usio na mawe. Mkulima akishapiga hesabu hii ndipo anapoacha kumwambia fundi, "Tuongeze kidogo nyuma hapo."

Udongo mweusi

Sentimita 15 hadi 20 za juu, udongo wenye mizizi na mboji, uondolewe kiwanja chote kabla ya kukata, na urundikwe peke yake. Sababu ya kwanza ni ya ujenzi: mboji huoza, na chochote kilichojengwa juu yake hutitia. Sababu ya pili ni ya shamba, na milima yetu iliilipia kwa uchungu. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi kwenye mashamba yao, kwa jina la kuhifadhi udongo. Mpango huo ulikufa mwaka 1955 baada ya ghasia za Matombo. Watu walichukia kulazimishwa, na shambani kwenyewe waliona sababu nyingine: Uluguru ina tabaka jembamba la rutuba, na kukata ngazi kulilifukia tabaka hilo na kuleta juu udongo usiozaa. Mahindi yaliyopandwa juu ya ngazi mpya yalidumaa.

Anayekata kiwanja cha banda leo anakata ngazi moja tu, lakini anaweza kurudia jambo hilohilo nyuma ya nyumba yake. Udongo mwekundu anaoutoa ukimwagwa ovyo shambani, hautaota kitu kwa miaka. Udongo mweusi ndio utakaorudishwa mwishoni juu ya kingo zote mbichi ili nyasi zishike. Ulinde kama unavyolinda mbegu.

Kukata na kujaza

Vitabu vingi vya ujenzi hufundisha kukata nusu na kujaza nusu: unachokitoa juu unakiweka chini, na katikati unapata tambarare bila kubeba udongo mbali. Kwa barabara na viwanja vya mpira ni njia nzuri. Kwa banda lenye kuta na jamvi la zege, siipendi. Nusu ya banda itakuwa juu ya ardhi ambayo imekaa hapo tangu zamani, na nusu nyingine juu ya kifusi cha mwaka huu. Kifusi kitatitia, hata kikishindiliwa vizuri. Ufa utatokea kwenye jamvi palepale pande hizo mbili zinapokutana, mkojo utapenya kwenye ufa, na kifusi kitazidi kulainika kutoka juu. Tatizo linajilisha lenyewe.

Kwa hiyo weka banda lote juu ya ardhi iliyokatwa. Kifusi kiwe uwanja wa mbele, mahali pa kukatia majani, pa kuanikia, pa kugeuzia mkokoteni. Uwanja ukititia sentimita 3 hakuna atakayeumia. Unaongeza udongo na maisha yanaendelea. Shimo la samadi nalo lisiwe kwenye kifusi, kwa kuwa lenyewe ni chombo cha maji.

Hata uwanja huo haumwagwi tu. Kifusi kilichomwagwa juu ya nyasi za mtelemko kinateleza juu yake, na kinateleza chote kwa pamoja. Fyeka, ondoa udongo mweusi, kisha kata ngazi katika ubavu, kila moja na upana wa mita 1, zikiegemea ndani kidogo kuelekea mlima. Chini kabisa, mahali kifusi kitakapoishia, chimba mtaro wa kina cha nusu mita na uanze kujaza kutoka humo. Kifusi sasa kina meno.

Baada ya hapo ni matabaka. Sentimita 15 za udongo uliolegea, shindilia, kisha nyingine. Mashine za kushindilia hupatikana mjini, ila vijijini kishindilio ni debe la rangi lililojazwa zege, na mti umesimikwa katikati. Kinafanya kazi kikamilifu kama mwenye kukishika ana subira. Kinachoamua ni unyevu, na unyevu hupimwa kwa mkono. Fundi mmoja wa upande wa Soni nilimwona akifanya hivi kila baada ya tabaka: aliinama, akachota udongo, akaukamua ngumini, akaufungua mkono. Ulibaki na alama za vidole vyake. Akauachia kutoka kiunoni. Ukavunjika vipande vitatu.

"Dogo, shindilia," alimwambia msaidizi wake.

"Fundi, si tuongeze maji kidogo? Utakaa vizuri zaidi."

"Ukiongeza, utacheza. Ngoja upige uone unavyoruka."

Kijana alimwaga kopo la maji pembeni na kupiga. Udongo ukabonyea chini ya debe na kuinuka kando yake, kila pigo. Hakuna alichoshindilia, alikuwa anausogeza tu. Udongo mkavu nao ukianguka husambaratika kuwa vumbi, na haushikamani hata upigwe vipi. Vipande viwili au vitatu, hapo ndipo.

Kuna jambo linalowashangaza wengi. Mita moja ya ujazo iliyochimbwa huwa mita moja na robo kwenye toroli, lakini ikishindiliwa hurudi chini ya kiasi chake cha mwanzo, karibu sehemu tisa kati ya kumi. Mtu anaangalia rundo kubwa na kudhani uwanja utafika kwenye migomba, na akimaliza kushindilia unaishia nusu ya njia. Uwanja uliofika kwenye migomba kwa rundo hilo haukushindiliwa.

Kingo za kifusi zilale, mita 2 kwenda mbele kwa kila mita 1 ya kushuka. Ukuta uliokatwa waweza kuwa mkali zaidi, kwa kuwa udongo wake haujavurugwa. Udongo mwekundu wa mfinyanzi mgumu ukirudishwa nyuma nusu mita hadi mita nzima kwa kila mita ya kimo, husimama. Ukiukata wima, usizidi mita 1. Na ile mita 1 niliyosema iachwe nyuma ya banda, iachwe kweli. Ni tamaa ya kupunguza kuchimba inayowafanya watu wabandike ukuta wa tofali kwenye ukuta wa udongo. Tofali hizo ziliwekwa zibebe bati. Sasa zinazuia mlima. Katika nafasi hiyo upite mfereji wa pili, mdogo, wenye sakafu ya mawe au saruji, na mtu aweze kuingia na koleo kuzoa udongo ulioanguka.

Pale ambapo kimo kinalazimisha ukuta wa mawe, mengi yameelezwa katika sura ya misingi. Hapa nitasema tu kwamba kitako chake kiwe na unene wa nusu ya kimo chake, uegemee mlimani, nyuma yake yawekwe mawe madogo na kokoto badala ya udongo, na matundu ya kutolea maji yaachwe karibu na chini. Ukuta usio na matundu unazuia udongo na maji kwa pamoja, na maji ndiyo husukuma zaidi. Ukipita mita 1 na nusu, mwite mhandisi wa halmashauri.

Kutokata kabisa

Mbuzi wa maziwa hawahitaji kiwanja kilichokatwa. Banda lao la nguzo, lenye sakafu ya mabanzi yaliyoachana sentimita moja na nusu, linasimama kwenye mtelemko wowote: nguzo za chini ndefu, za juu fupi. Mavi yanadondoka chini na kukusanywa kutoka upande wa bonde. Mashimo sita ya nguzo hayaudhi mlima. Kwa mwenye ardhi kali sana na mtaji mdogo, ningemshauri aanze na mbuzi kwa sababu hii peke yake.

Wapo walioufanya mtelemko wenyewe utumike. Walowezi wenye asili ya Ujerumani na Uswisi waliokwenda Pennsylvania, Marekani, walijenga maghala ya ghorofa mbili yanayoegemea mlima. Mkokoteni wa nyasi uliingia juu, moja kwa moja kutoka upande wa mlima, na mifugo ikaingia chini kutoka upande wa bonde. Nyasi zilishushwa kwa kuangushwa tu. Usambara hatuna haja ya jengo kubwa hivyo, lakini stoo ndogo ya majani kwenye ardhi isiyokatwa, juu ya ukuta wa nyuma na mbali kidogo na ukingo, inampunguzia mama kupanda na kushuka mara nyingi kwa siku.

Masika ya kwanza

Lushoto, chimba kati ya Juni na Septemba. Udongo bado una unyevu wa masika ndani yake, mvua ni haba, na vibarua wanapatikana kabla ya vuli. Ukimaliza, rudisha udongo mweusi kwenye kingo na upande nyasi siku hizohizo vuli inapoanza. Aina iitwayo Guatemala inajulikana vizuri wilayani, kwa kuwa mradi wa kuhifadhi udongo wa SECAP uliisambaza kwenye kontua tangu miaka ya 1980. Inashika udongo na ng'ombe anaila. Panda vipande vyake kwa umbali wa sentimita 30 hadi 50, mistari ikikata mtelemko. Kwenye ukingo wa juu wa mkato usipande mti mkubwa. Upepo ukiutikisa, mizizi huufungua udongo.

Kisha subiri. Simamisha nguzo na bati ukitaka, ufunge mifereji ya bati na tangi, kwa kuwa bati la mita za mraba 45 humwaga lita 1,800 kwenye mvua ya milimita 40, na maji hayo yakidondoka kwenye kifusi yatakirudisha bondeni. Lakini jamvi la zege lisimwagwe kabla masika haijapita juu ya kiwanja. Likimwagwa, liwe na mporomoko wa sentimita 2 hadi 3 kwa kila mita, kuelekea mfereji wa mkojo na shimo la samadi.

Wakati wa masika hiyo toka na koti la mvua, mvua ikiwa inanyesha, uangalie. Maji yakivuka tuta la mfereji wa juu, mahali yanapovukia pana kosa la kipimo; weka kigingi na urekebishe kukikauka. Maji ya rangi ya matope yakitoka chini ya kifusi, yanabeba udongo wa ndani, na lazima ufuatilie yanaingilia wapi. Yakitoka meupe, kifusi kinapumua tu. Ufa wa upana wa kidole ukitokea uwanjani, sambamba na ukingo, ufungue kwa jembe, uujaze udongo wenye unyevu unaofaa na kuushindilia, kisha piga vigingi viwili pande zake na upime umbali kati yake kila juma. Umbali ukibaki palepale, uwanja umetulia. Ukiongezeka, toa kifusi cha sehemu hiyo chote hadi kwenye ngazi na uanze upya kutoka chini, kiangazi hichohicho, kabla ng'ombe hajaletwa.